Neno Nililokataa Kulisikia

Jeneza la Mama Neema liliwekewa picha iliyokuzwa kutoka kwenye kadi yake ya uchaguzi. Fundi alijitahidi, lakini kadi ile ilikuwa imekaa miaka mingi ndani ya kitambaa cha kiunoni, imelowana jasho na mvua, na alipoivuta mpaka ikawa kubwa kama sahani, uso ulitoka mweusi mtupu wenye macho mawili, macho ya mtu aliyeshtuliwa. Waombolezaji walipita mbele yake wakitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wa Kitshanga, sisi tuliobaki, kwenye viti vya plastiki huku Goma, sahani ya wali na maharagi imepoa mapajani, Neema alipokuja akachuchumaa mbele yangu. Ni mwanamke mzima sasa, ana mtoto mgongoni. Nilipokuwa nikiishi jirani na mama yake alikuwa na miaka saba. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Mama yake, alisema, alimwambia tangu utotoni kwamba picha zao zote, na sauti ya baba yake ambayo yeye haikumbuki, ziko kwa dada Vumi, yaani kwangu, na kwamba dada Vumi anazitunza. Nilimjibu kwamba mama yake hakumdanganya. Nilimwambia nitamweleza, lakini si siku ile. Tangu hapo nimempigia simu mara tatu ili nimweleze, na mara tatu nimeishia kumuuliza kama mtoto analala vizuri. Kwa hiyo ninaandika.

Jinsi nilivyoshuka kutoka milimani mpaka Kitshanga haina umuhimu hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilijua kuchapa kwa vidole vyote kumi, na Muhindo alikuwa anatafuta mtu wa kuchapa. Alikuwa Mnande wa kutoka Butembo, mdogo wa mfanyabiashara aliyekuwa na duka kule Pinga, upande wa Walikale. Ndugu yake aliuza sabuni, chumvi na mafuta. Muhindo hakupenda mali ya kubeba mgongoni. Alifungua sekretaria, kama tulivyoita vyumba vya kuchapia barua na kutoa kopi, katika nyumba ya mbao kando ya soko, na ndani yake nilitumia mwaka mmoja ambao umenichukua maisha yote kuumaliza. Chumba kilikuwa na meza mbili, mashine ya kopi iliyokunja karatasi kila mvua ilipokuja, na ukuta wenye misumari ambapo simu za watu zilining'inia zikichajiwa. Mvua ilipopiga mabati tulinyamaza, kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Mlango ulitazamana na mahali pa Mama Neema pa kuuzia chakula, na tangu saa nne asubuhi harufu ya sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, ilituingilia, tukawa tunafanya kazi kwa tamaa mpaka alipotuletea bugali mbili zilizofunikwa kwa sahani, na siku nzuri kipande cha jibini ya Masisi juu yake.

Wazo la mashine nyingine, ya kutunza vitu vya watu, lilitoka ukutani, kwenye zile simu. Kila wiki moja ilikufa na mwenyewe alikuja kulia kwetu kama tungeweza kuifufua. Wengine walinyang'anywa kwenye vizuizi vya barabarani. Wenye karatasi za mashamba walizificha kwenye paa na panya wakazila, au walizibeba na zikawaletea mabaya, kwa maana mwaka ule karatasi iliyosema shamba hili ni la nani iliweza kumwua mtu kulingana na nani aliyeisoma. Muhindo alinunua kompyuta ya mezani iliyokufa, akaifungua, akatoa kiota cha panya, akaisafisha kwa brashi ya meno. Akatia diski mbili zinazolingana. Aliniambia kila kitu kitaandikwa mara mbili, kwenye hii na kwenye hii, ili moja ikifa nyingine ibaki. Akaiweka juu ya rafu, mbali na maji, akaiunga na batri mbili za gari na paneli juu ya bati, na kwenye mti mrefu nje akafunga kifaa cha kurusha mtandao. Mtandao ule haukuwa na njia ya kwenda duniani. Ulifika sokoni tu, mpaka kwenye kibanda cha mwisho cha viazi. Mwenye simu ya kushika mtandao aliiunga, akaona jina lake, akatia picha zake bila kutumia mega hata moja. Asiye na simu kama hiyo alikuja kwangu na waya. Karatasi nilizipiga picha mimi mwenyewe juu ya meza, karibu na dirisha. Watu waliiita Depo, yaani ghala.

Nakumbuka Muhindo alivyomweleza Mama Neema siku ya kwanza. Alisema wazungu wanaweka vitu vyao mu mawingu, na sisi tunafanya wingu yetu, ya hapa nyumbani, ambayo mwenyewe tunaijua. Mama Neema alikuwa anakusanya sahani. Alitazama nje, vilima vimefunikwa kama kawaida, akasema, "Mawingu ya hapa inanyesha kila siku. Utarudishia watu maji." Tulicheka sana. Lakini kesho yake alirudi na simu yake ndani ya leso. Mume wake, aliyekuwa mwalimu, alikuwa ameuawa miaka miwili nyuma kwenye njia ya Mweso. Siku waliyonunua ile simu alijaribu kinasa sauti chake, na ule mchezo ndio kitu pekee kilichobaki cha mdomo wake. Ilikuwa sauti ya sekunde kumi na moja. "Jaribu, jaribu. Mama Neema, unanisikia? Maharagi ya leo iko na chumvi mingi." Halafu kicheko cha mwanamke, halafu kimya. Aliisikiliza kila siku baada ya kuosha vyombo. Simu ilikuwa imejaa na kuganda, na mimi niliihamisha sauti ile na picha mia mbili na kitu: arusi yao, Neema mchanga, mwalimu amesimama mbele ya darasa la miti. Halafu nikamwambia afute zile za kwenye simu ili ipate nafasi. Aliogopa. Nikachukua simu mkononi mwake na kufuta mwenyewe.

Neema, nataka ulijue hilo kwanza. Mkono uliofuta ni wangu.

Wiki chache baadaye alinyang'anywa ile simu kwenye kizuizi akitoka kununua unga. Alifika kwetu, akakaa kwenye kiti cha wateja, na nilipomfungulia sauti ya mume wake kwenye kompyuta yangu, mwalimu akalalamika juu ya chumvi vilevile kama jana, alilia na kucheka pamoja na kuwaita wanawake wa sokoni waje wasikie. Ilikuwa siku ya fahari kuliko zote katika maisha yangu. Baada ya hapo walikuja kwa makundi. Papa Bauma, mzee mkulima wa maharagi na mihogo kule Burungu, alileta karatasi ya shamba aliyoachiwa na baba yake, yenye mihuri mitatu na dole gumba la shahidi. Niliipiga picha. Aliniomba nimwonyeshe tena, halafu tena. Alipohakikisha, aliichana ile karatasi vipande vidogo, akavitia kwenye jiko la Mama Neema. Alisema, "Sasa iko mu mashine. Nikikutwa nayo njiani nitakufa bure." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikumzuia. Nilitabasamu.

Kulikuwa na mtu mwingine sokoni ambaye ni lazima nimtaje, ingawa jina lake nitaliacha. Tulimwita Papa Karani kwa sababu alishika daftari la majina ya wakimbizi waliopiga mahema nje ya mji. Wenye silaha walimchukua asubuhi moja wakamweka siku mbili. Aliporudi vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa kitambaa, na kabla ya juma kwisha wanaume watatu walioandikwa kwenye daftari lile walikuwa wamekufa. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Aliendelea kula kwa Mama Neema, ameelekeza uso ukutani, na Mama Neema alimwekea sahani bila kufungua mdomo. Alikuja kwetu kununua karatasi. Nilimpa, naye akasema asante, dada. Mimi sikumsalimu. Nilikuwa nikimtazama mgongo wake akitoka na kujiuliza mimi ningestahimili siku ngapi, na jibu nililijua: nusu siku, labda chini ya hapo. Tangu utoto ninaogopa maumivu kupita watu wengine. Sikuogopa sana kufa. Niliogopa kurudi hai kama yeye.

Haukupita mwezi, wanaume wanne wenye bunduki waliingia kwetu wakitaka kuchapiwa barua. Nilikuwa nimeacha picha ya karatasi ya Papa Bauma wazi kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja wao aliinama akasoma polepole, akauliza huyu Bauma ni nani na anaishi wapi. Muhindo alimjibu kwamba ni mteja tu aliyepita, hamjui. Yule akauliza kama kuna zingine kama hizi. Muhindo alisema hapana, akamwuliza kama barua wanaitaka nakala mbili ao tatu. Walipoondoka aliizima kompyuta yangu. Halafu akafunga mlango mchana ule ule, akakaa na mashine siku mbili, na alipomaliza akaniambia kwamba sasa kila kitu kwenye diski kimefungwa kwa neno la siri. Mashine ikizimika, mtu lazima alichape neno hilo ndipo iamke; bila neno, mtu anaweza kuiba diski, kuifungua vipande, asione kitu isipokuwa takataka za herufi. Neno lile alilijua yeye peke yake. Batri zilipokwisha kwa sababu ya siku za mawingu, na mashine ikalala, nilikuwa nikimngojea arudi kutoka misa ya asubuhi ili aiamshe, nami nilisimama makusudi upande wa pili wa chumba, nimegeukia simu za ukutani. Aliliona hilo, akawa ananitania kwamba ninaogopa neno kama nyoka.

Siku mji ulipoanguka, milio ilianza vilimani alfajiri, na kufikia saa tatu ilikuwa imefika nyuma ya parokia. Soko lilikwisha kukimbia. Nilimkuta Muhindo na bisibisi mkononi. Alikuwa ameshazima mashine na anazitoa diski. Moja aliizungushia kitenge changu, nyingine akaitia kwenye mkoba wake. Aliniambia mimi nipite njia ya Sake pamoja na Mama Neema na mtoto, tungoje Mubambiro, karibu na kambi ya askari, ambako watu wote wanaelekea. Yeye atapanda pikipiki, apite Mweso mpaka Pinga kwa kaka yake, na baada ya siku chache azunguke atukute.

"Tukwende wote," nilimwambia.

"Hapana. Njia moja ikikatika, ingine inabakia. Njo maana niliweka mbili."

Ilikuwa ni akili ile ile ya mashine, na ilikuwa akili nzuri. Mpaka leo sijapata kosa ndani yake. Halafu akanisogelea, akainamisha kichwa. "Dada Vumi, kuya nikuambie ile neno."

"Usiniambie."

"Sikiliza. Nikichelewa..."

"Kaka Muhindo, wakinikamata nitasema. Unanijua, nitasema. Usiniambie."

Aliendelea kunisogelea, nami nikaziba masikio kwa viganja, nimefumba macho, kama mtoto. Nilipofungua alikuwa amesimama tu ananitazama. Hakukasirika. Alisema, nami nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuondoa mikono, "Haiko hata neno ngumu. Ni kitu ya ku nyumba tu, mama yangu njo alikuwa ananiambia." Akanipa kile kifurushi. "Basi. Nitaifungua mwenyewe." Risasi ilipita juu ya bati. Alisukuma pikipiki mpaka barabarani, ile yenye picha ya Bikira Maria kwenye tangi, na sisi tukaenda upande mwingine.

Tulitembea siku mbili. Diski niliificha ndani ya sufuria, chini ya viazi vilivyochemshwa, na tuliteremka katika mkondo wa watu, ng'ombe, magodoro na mbuzi. Kwenye kizuizi kimoja askari aliingiza mkono ndani ya viazi akaitoa, akauliza ni nini. Mama Neema akawahi kusema, "Ni kipande ya redio iliyokufa, marehemu bwana yangu alikuwa anaipenda." Askari akairudisha, akachukua viazi. Usiku uliofuata nilimsikia Mama Neema akimwambia mtoto wake kwamba papa bado yuko nasi, ndani ya sufuria.

Mubambiro tulipewa turubai moja kwa watu watano. Tulilala juu ya mawe meusi ya volkeno na kula unga uliotiwa maji. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Sake niliikimbilia. Habari ya diski ilienea mahemani kabla hata sijamwambia mtu. Wanawake walikuja kuniuliza kama ni kweli, nikawaonyesha, wakaigusa kwa kidole. Papa Bauma aliposikia alitembea kutoka mwisho wa mahema kwa fimbo, akanishukuru kwa mikono miwili, akaniambia sasa anaweza kulala. Niliwaambia wote kwamba Muhindo akifika tutafungua. Wiki ya sita, muuza chumvi aliyetoka Pinga alileta habari. Kaka wa Muhindo bado anamngoja, hakufika. Ile pikipiki ilionekana Kalembe, mtu mwingine akiiendesha, Bikira Maria bado yuko kwenye tangi. Hakuna aliyeona mwili. Hakuna aliyeona mkoba.

Nilikwenda Goma kwa fundi wa kompyuta, kijana mpole mwenye miwani. Aliiunga diski, akaisikiliza, akanitazama kwa furaha, akasema nzima, haina hata doa. Halafu akauliza neno. Nilijaribu jina la mama yake, jina la parokia, jina la timu yake, Butembo, Depo, jina langu mwenyewe, na nikaona aibu kwa kulijaribu. Fundi alinieleza kwamba anaweza kuiacha mashine ikisie peke yake, mchana na usiku, lakini Muhindo alifunga vizuri, na sisi sote tutakuwa tumezikwa kabla haijapata. Alisema bila ubaya. Nilirudi Mubambiro, nikawaambia watu. Nilisema neno limepotea pamoja na Muhindo, na hilo lilikuwa kweli. Mama Neema aliniuliza swali moja tu, kama sauti bado iko mule. Nikamwambia iko. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharagi. Papa Bauma aliuliza vilevile, na kwa hilo jibu langu aliishi miaka minne mingine, mpaka siku aliyosimama mbele ya wakubwa waliokuwa wakigawa mashamba ya Burungu akawaambia karatasi yake iko mu mashine. Walimcheka. Niliambiwa kwamba hakubishana.

Mama yake Muhindo alifika Mubambiro miezi mitatu baada ya safari yangu ya kwa fundi. Alisafiri kutoka Butembo kumtafuta mwanawe, amevaa viatu vya kanisani, na kwa sababu sote tulijua jibu, hakuna aliyempa. Nilipomwona nilipata tumaini ambalo leo linaniumiza kuliko yote. Nilimweleza kwamba Muhindo aliacha vitu vya watu vimefungwa kwa neno, na kwamba neno hilo ni kitu yeye mama alikuwa akimwambia nyumbani. Hakuniuliza nilijuaje. Alisema, "Tukwende."

Alikaa mbele ya fundi yule kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alianza na jina la utotoni la Muhindo, akalisema kwa Kinande, kwa sauti ndogo, fundi akaandika, mashine ikakataa. Akasema maneno aliyomwambia akimwogesha. Mashine ikakataa. Akasema jina la ng'ombe wao, la dada yake Muhindo aliyekufa mchanga, salamu ya asubuhi, tusi alilomtukana alipovunja mtungi, maneno ya baraka alipoondoka kwenda shule, wimbo wa kumlaza, mstari kwa mstari. Fundi alijaribu kila moja kwa namna tofauti, herufi kubwa, herufi ndogo, pamoja, mbalimbali. Mara nyingine mama alikumbuka kitu, uso ukang'aa, akakisema mbele yetu wageni wawili kitu ambacho hakijatoka nje ya nyumba yake, na kile chombo kikakataa. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa ameishiwa. Alimwomba fundi msamaha. Alisema labda yeye alizungumza na mutoto wake kidogo sana.

Tulitoka nje. Barabara ilikuwa na pikipiki nyingi na vumbi, naye alinishika mkono ili nimvushe. Hapo ukingoni, kabla hatujavuka, aliniuliza, "Wakati mulikuwa munaachana, yeye hakukuambia kitu?"

"Alitaka kuniambia, mama. Mimi njo nilikataa."

Nilimweleza yote, masikio na viganja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, bila hasira, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu, "Ungesikia tu, binti yangu. Kusikia haiue muntu."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na vidole vya Papa Karani, na wanaume watatu, na mgongo ulioelekezwa ukutani. Nililitafuta jibu hilo mdomoni na halikuja, kwa sababu hakuna aliyenikamata. Njia nzima, siku zote mbili, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza neno.

Pikipiki zilipopungua tulivuka. Tulipofika ng'ambo aliuachia mkono wangu, akatangulia mbele, akatembea hivyo mpaka nyumba tuliyofikia, wala hakugeuka.